Harlem Renaissance tuiweke wapi?

Wakuu habari zenu, hivi Harlem Renaissance (ule mwamko wa fasihi na sanaa wa Wamarekani weusi) ni kipindi cha fasihi kinachojitegemea au ni tawi tu la usasa (modernism) wa washairi kina T.S. Eliot? Vitabu vinanichanganya

> Mkuu vyote viwili. Miaka ya 1920 weusi wengi walishahama kutoka kusini mwa Marekani kukimbia ubaguzi na kutafuta kazi za viwandani, mtaa wa Harlem pale New York ukajaa waandishi na wanamuziki, yaani mshairi Langston Hughes msome kwa sauti utasikia bluzi (muziki wa blues) yenyewe, mstari unarudiwa halafu wa tatu unajibu

> Mwandishi Zora Neale Hurston jamani msimsahau!! alirudi kwao Florida kukusanya hadithi za watu wake, wahusika wake wanaongea kilekile cha mtaani. Riwaya yake kubwa ilitoka 1937, wakati huo mdororo wa uchumi ulishaipiga Harlem vibaya

Asanteni sana, naanza na Hughes leoleo