Mkataba umeisha lakini mchezaji bado ni wako? Naomba kueleweshwa ofa shiti za NHL

baba_wawili_edmonton

Habari zenu wakuu. Naomba mwenye kuelewa hoki ya barafu ya NHL, ile ligi ya Marekani na Kanada, anieleweshe taratibu, maana kazini nimeuliza kila mtu ananijibu nusunusu. Nipo Edmonton mwaka wa sita sasa, na hoki nimeipenda kupitia kijana wangu mkubwa, ana miaka 11, yeye ndo kanivuta mpaka nikawa nakaa macho usiku wa mechi hata kama kesho yake naingia shifti ya alfajiri. Juni 2024 timu yetu ya hapa, Oilers, tulifika mechi ya 7 ya fainali tukafungwa na Florida, nyumba nzima ilikuwa kama msibani. Tukajipa moyo kwamba vijana wapo, mwakani tunarudi.

Mara Agosti mwaka huohuo nasikia timu ya St. Louis wamebeba vijana wetu wawili kwa mpigo, Philip Broberg na Dylan Holloway, na hakuna ada ya uhamisho iliyolipwa. Mtoto wangu ana jezi ya Holloway namba 55, tulimnunulia siku ya kuzaliwa. Alikaa nayo mkononi ananiuliza "baba, kwani mkataba ulikuwa umeisha au haujaisha?" nikakosa jibu, na mpaka leo sina.

Nilichoambiwa ni kwamba mikataba iliisha ila walikuwa huru wenye masharti. Sasa mtu huru mwenye masharti ndo nini? Kama mkataba umeisha si unaondoka zako kama kwenye mpira wa miguu? Na kama hajawa huru, St. Louis wamempataje? Alafu nasikia sisi tulipewa siku 7 za kufikiria na tulikuwa na haki ya kuzuia, ila tukaachia. Kwa nini mtu aachie?

Mzee wa Hamilton

Pole mkuu, na mpe pole kijana. Nipo Ontario muda mrefu, ngoja nijaribu.

Kwanza weka mpira wa miguu pembeni kabisa, maana ndo unaotuchanganya sisi wote tuliokulia kule. Ulaya tangu ile kesi ya Bosman ya mwaka 1995 mkataba ukiisha mchezaji anabeba viatu vyake anaondoka. NHL sio hivyo. Kule mkataba ni kitu kimoja na haki ya kummiliki mchezaji ni kitu kingine, mkataba unaweza kuisha haki ikabaki. Ili uwe huru kabisa lazima uwe umefikisha miaka 27 au umecheza misimu 7 kwenye ligi. Chini ya hapo, mkataba ukiisha unakuwa RFA, yaani huyo huru mwenye masharti.

Sasa ile haki haibaki hivihivi tu, timu inatakiwa kila mwisho wa Juni imwandikie mchezaji ofa ya mwaka mmoja, kiasi chake kinapigwa kutokana na mshahara aliokuwa nao. Mchezaji anaweza kuikataa, haina shida, ila timu ikishaiandika tu imeshamshikilia. Timu ikisahau au ikiona hafai isipoandika, basi kijana yuko huru mazima. Kila mwaka utasikia majina yameachwa namna hiyo.

Baada ya hapo ndo inakuja ofa shiti. Timu nyingine yoyote inaruhusiwa kumfuata RFA wako ikamwekea mkataba mezani, miaka mingapi, pesa ngapi, bonasi ngapi. Mchezaji akisaini, karatasi inaletwa kwako na saa inaanza kuhesabu, siku 7. Una njia mbili tu: ama unasawazisha, unamlipa yote kama yalivyoandikwa kule, au unamwachia unapewa fidia. Huwezi kusema "punguza kidogo" wala "nipe mchezaji mwingine badala yake". Na ukisawazisha huruhusiwi kumuuza kwa mwaka mzima, kwa hiyo usifikirie utambakiza kwa hasira alafu umpige bei wiki ijayo.

Fidia yenyewe sio pesa, ni nafasi za drafti, ile foleni ya kila Juni ambapo timu zinachagua vijana wa miaka 18. Na hapa ndo utamu wote ulipo, mkuu, tulia hapa. Ligi inatoa jedwali kila mwaka: mshahara wa kiasi hiki fidia hii, ukipanda ngazi fidia inapanda. Jedwali la 2024 lilisema hivi, ukimpa kijana mpaka dola 1,511,701 kwa mwaka hudaiwi kitu. Ukivuka hapo mpaka 2,290,457 unatoa nafasi ya raundi ya 3. Mpaka 4,580,917 unatoa raundi ya 2. Ukizidisha dola moja tu juu ya hiyo, unaingia kwenye raundi ya 1 pamoja na ya 3. Inaendelea kupanda hivyo mpaka ukivuka kama milioni 11 na nusu unatoa raundi za kwanza NNE.

Sasa angalia St. Louis walichoandika. Broberg, miaka 2, dola 4,580,917 kwa mwaka. Holloway, miaka 2, dola 2,290,457. Zilinganishe na hizo namba za juu. Wamegusa dari ya kila ngazi mpaka dola ya mwisho, hawakuacha hata moja! Mimi siku ile nilichukua kalamu nikaziandika mbili mbili kwenye bahasha nikaziangalia kama dakika tano. Broberg alichaguliwa wa 8 mwaka 2019, Holloway wa 14 mwaka 2020, wote raundi ya kwanza hao, na ninyi mkaishia kupata raundi ya 2 na ya 3 za drafti ya 2025.

kijiweni_temeke

Samahani naingilia. Kwa hiyo kijana anachaguliwa na timu akiwa na miaka 18 bila kuulizwa anataka kwenda wapi, mkataba unaisha, bado hawezi kuondoka mpaka 27?? Mimi hapo naona mchezaji ameonewa. Chama chao kipo wapi?

Mzee wa Hamilton

Chama kipo na ndo kilikubaliana na ligi, imo kwenye makubaliano yao ya pamoja. Wenye timu wanasema tumemlea, tumemlipia makocha, tumemsubiri miaka minne mitano, hatuwezi kumtoa bure akiwa ndo ameiva. Kuna ukweli ndani yake. Ila na wewe una hoja, maana silaha za kijana ni chache. Akiwa na misimu ya kutosha anaweza kuomba usuluhishi, mtu wa kati anapanga mshahara, ila akishaomba hawezi tena kusaini ofa shiti. Au anagoma kusaini, anakaa nyumbani. Nako kuna ukomo, tarehe 1 Desemba ikipita hujasaini msimu huo huchezi tena. William Nylander wa Toronto mwaka 2018 alikaa hivyo mpaka tarehe 1 Desemba yenyewe, dakika za mwisho kabisa ndo wakakubaliana. Mimi nilikuwa kazini simu iko chini ya meza, jasho linanitoka.

Kwa hiyo ofa shiti ndo mlango pekee ambao kijana anaweza kusikia bei yake sokoni ni ngapi. Mimi naipenda kwa sababu hiyo, japo ikija kwa timu yako inauma.

baba_wawili_edmonton

Dah. Hizo namba nimezisoma mara tatu, asante sana mzee wangu. Ila sasa imeniuma zaidi. Kama haki ya kusawazisha tulikuwa nayo kwa nini hatukusawazisha? Jumla ni kama milioni 6.9, timu yenye nyota kama McDavid inakosa milioni 6.9?

simba_wa_barafu_254

Sasa hapo wacha mimi nijibu. Niko Nairobi, hii game niliijulia pale Panari Mombasa Road, ile rink ndogo ya hoteli, nikishika fimbo mara ya kwanza nikaanguka kama gunia na nikarudi wiki iliyofuata, tangu hapo nafuata NHL usiku kucha.

Bro shida si pesa ya mwenye timu, shida ni kikomo cha mishahara. NHL kila timu inapewa dari moja na huivuki, msimu wa 2024-25 ilikuwa dola milioni 88. Edmonton walikuwa wameshajaza ndoo. McDavid 12.5, Nurse 9.25, Draisaitl 8.5, alafu tarehe 1 Julai wakaongeza Arvidsson kwa 4 na Skinner kwa 3. Hao vijana wawili wakabaki hawajasainiwa, management ilifikiri hakuna mtu atawagusa, si ni RFA, watatoroka waende wapi. Doug Armstrong, meneja mkuu wa St. Louis wakati huo, akaona mlango uko wazi. Na cheki vile alijipanga, kuna sheria kwamba fidia lazima iwe nafasi zako mwenyewe za drafti, si za kuokota kwa timu ingine. Raundi yake ya 2 ya 2025 alikuwa ameshaitoa Pittsburgh kwa ile deal ya Kevin Hayes. Akarudi Pittsburgh akaikomboa kwanza, ndio akatuma ofa mbili siku moja, tarehe 13 Agosti. Hiyo si bahati, huyo mtu alikaa chini akapanga.

Moja peke yake mngesawazisha labda. Mbili kwa pamoja mlibanwa kila upande. Na Draisaitl alikuwa amebakisha mwaka mmoja, kila mtu alijua mkataba mpya unakuja, na ukakuja Septemba, milioni 14 kwa mwaka kuanzia 2025-26. Beki wenu Bouchard naye alikuwa nyuma yake kwa foleni ya mkataba mpya. Ukimlipa Broberg 4.6 wakati bado hajacheza hata msimu mmoja kamili pale, utamwambia nini Bouchard akija? Tarehe 20 wakaachia. Walipata pia beki kijana Paul Fischer na raundi ya 3 ya 2028 kwa mpango wa pembeni, lakini hiyo ni kama kupewa nauli ya kurudi nyumbani.

Kuachia Broberg naelewa. Holloway ndio nakataa kabisa. 2.3 ni pesa ya mchezaji wa laini ya tatu, mngeuza mtu mmoja mkamweka. Msimu uliofuata akafunga mabao 26, na ukijumlisha pasi za mabao ni pointi 63. Mlikuwa mnatafuta winga wa kucheza na Draisaitl mkamtoa kwa raundi ya tatu!

Mzee wa Hamilton

Kweli kabisa kwa Holloway, mimi pia sikuelewa.

Niongeze kitu kwa sababu watu huuliza kama hii ndo njia rahisi mbona haitokei kila siku. Mara nyingi timu inasawazisha. Shea Weber mwaka 2012 Philadelphia walimwekea miaka 14 na dola milioni 110, Nashville timu ndogo wakajikaza wakasawazisha. Hapo ulichofanya wewe mtoa ofa ni kumsaidia mwenzio kusaini mchezaji wake, basi. Alafu kuna uhasama. Mwaka 2007 Edmonton haohao wenu walimchukua Dustin Penner kwa Anaheim, miaka 5, milioni 21.25, na Brian Burke aliyekuwa bosi wa Anaheim aliwaka hadharani, ugomvi ukaendelea miaka. Kwa hiyo kijana wako mwambie Edmonton waliwahi kuwafanyia wengine.

Na kuna ya Montreal na Carolina ambayo ndo ukimwaga mboga namwaga ugali. 2019 Montreal wakamfuata Sebastian Aho, miaka 5, dola 8,454,000 kwa mwaka, chini ya dari ya ngazi yake kwa mia nane na kitu tu. Carolina wakasawazisha. Miaka miwili ikapita, Agosti 2021 Carolina wakarudi kwa Jesperi Kotkaniemi wa Montreal, mwaka mmoja, dola 6,100,015, na bonasi ya kusaini dola 20. Dola ishirini, mkuu! 15 ni namba ya jezi ya Kotkaniemi na 20 ni ya Aho. Montreal wakaachia, wakapata raundi ya 1 na ya 3.

kijiweni_temeke

Swali dogo la mwisho, kwa nini wasiweke mkataba mrefu tu, miaka 7, ili mshahara wa kila mwaka uonekane mdogo na fidia iwe ndogo?

simba_wa_barafu_254

Walishaliona hilo. Kwa kupima fidia pesa yote inagawanywa kwa miaka ya mkataba, lakini ikizidi 5 inagawanywa kwa 5 tu. Yaani miaka 7 ya milioni 6 ni 42, wao wanagawa kwa 5, inasoma 8.4. Kwa jedwali la 2024 hiyo imeshatoka raundi ya 1 na ya 3 ikaingia 1, 2 na 3. Ndio maana wengi wanakaa miaka miwili au mitano.

baba_wawili_edmonton

Wakuu nimeelewa, na nimeelewa kwa Kiswahili, sijui niwashukuruje. Leo jioni tumekaa mezani na kijana, nikamwandikia namba mbili kwenye daftari lake la hesabu, 4,580,917 na 2,290,457, pembeni nikamwandikia dari za jedwali. Kaziangalia kanyamaza. Alafu akasema "baba, ni namba zilezile." Ameomba nimwekee mechi ya St. Louis wakija Edmonton, na anataka kuja na jezi yake ya 55.