Mguu wa Babu

Dada: Shikamooni. Babu karuhusiwa jana, siku 9 za nimonia. Anakula ila analala mchana kutwa. Nimwache apumzike?

Shangazi (nesi): Marahaba mwanangu. Usimwache hivyo. Nimonia ikipoa, damu bado huganda upesi kwa wiki kadhaa, na za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Mwili ukipigana na vijidudu huamsha vitu vya kugandisha damu, kuta za mishipa nazo huumia. Ongeza mguu usiotikisika, damu inatuama.

Shangazi: Kila saa akiwa macho avute vidole vya miguu kuelekea kwake kisha asukume mbele, mara 10 kila mguu. Halafu mlangoni na kurudi. Maji anywe, labda kama daktari amempimia kiasi kwa sababu ya moyo au figo.

Dada: Kapewa enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, miligramu 40, sindano moja kwa siku.

Kaka (mfamasia): Saa ileile kila siku. Tumboni pembeni, angalau sentimita 5 toka kitovuni, leo kulia kesho kushoto. Kiputo cha hewa kwenye bomba kiache, ukikitoa unamwaga na dawa. Finya ngozi, ingiza wima hadi mwisho, sukuma taratibu, usiachie mpaka uchomoe. Usisugue, patavilia damu. Maumivu ni parasetamoli tu, ibuprofeni hapana. Kama anatumia aspirini ya moyo, daktari aliyeandika sindano ajue.

Dada: Mguu wa kushoto naona umejaa. Nimkande na mafuta?

Shangazi: USIMKANDE! Bonge la damu iliyoganda likibanduka linapanda mapafuni. Chukua futi ya fundi nguo. Mbele, chini ya goti, kuna kinundu cha mfupa. Shuka sentimita 10 toka hapo, zungushia. Miguu yote miwili.

Dada: Kulia 34. Kushoto 37 na nusu. Una joto pia.

Shangazi: Tofauti ikizidi 3 hatukai nyumbani. Hospitali sasa hivi. Afanyiwe altrasaundi ya mishipa ya mguu.

Mjomba: Lakini si anachomwa sindano?

Kaka: Mjomba, hiyo ni dozi ya kinga. Inapunguza hatari, haiimalizi. Bonge likionekana dozi inabadilishwa, na dawa huwa angalau miezi 3. Dada, wakipima D-dima (mabaki ya damu iliyoganda) ikawa juu, hiyo peke yake haithibitishi bonge, nimonia nayo huipandisha. Altrasaundi ndiyo itasema.

Shangazi: Njiani mwangalie pumzi. Ikikatika ghafla, kifua kikichoma akivuta hewa, akikohoa damu au akizimia, ni dharura, mseme hivyo mkifika tu mlangoni. Wengi hupotea hapa, wanadhani nimonia imerudi, wanaanza antibayotiki upya huku bonge liko mapafuni.

Dada: Tunatoka. Karatasi ya ruhusa ninayo.

Kaka: Andika juu yake saa ya sindano ya mwisho. Watakuuliza.

Dada: Jana saa 2 usiku. Nimeandika.