Bibi hajui Kiingereza, kacheka kuliko mimi

KijanaWaMakunduchi:
Assalaam alaykum. Juzi umeme umerudi baada ya Isha, nikamfungulia bibi senema kwenye kompyuta: Bringing Up Baby ya 1938, Katharine Hepburn na Cary Grant. Nyeusi na nyeupe, watu wanaparamiana maneno mbio mbio. Nikajua atasinzia tu.

Pakafika pale mkahawani, Grant anakanyaga gauni la yule bibie, kipande cha nyuma chote kikachanika. Mwenyewe hana habari, anamfokea tu. Jamaa anaziba kwa kofia, mara anamganda mgongoni na kutoka naye hatua kwa hatua. Bibi akapiga kofi la paja: "Mpeni kanga mtoto wa watu!" Machozi yanamtoka.

Alipotokea chui bafuni akanyamaza. "Huyo wa nani?" Nikamwambia kaletwa na kaka mtu, kutoka Brazil, wa kufugwa. "Kama wa kufugwa nimeona. Nauliza nani kamtuma."

(Wa kusini Unguja mnaelewa: kwetu husemwa chui hufugwa na wachawi, wakawatuma.)

Sasa nauliza, kwa nini vichekesho vya siku hizi, rangi tele, havimtikisi, na hiki kimemvunja mbavu?

BintiMkunazini:
Kwa sababu wanapigana vijembe. Katikati ya 1934 kule Hollywood kanuni za maadili zilikazwa, ya chumbani hayaonyeshwi, mahaba yote yakahamia mdomoni. Mtazamishe It Happened One Night, imetoka miezi michache kabla ya hapo: mwandishi wa gazeti na binti tajiri aliyemtoroka babake, chumba kimoja, katikati wametundika blanketi kwenye kamba. Wanachambana usiku kucha. Taarabu bila fidla!

MpembaWaWete:
Mimi nilijaribu His Girl Friday ya 1940, dakika kumi nikazima. Wote wanasema kwa pamoja, utadhani kituo cha kupimia karafuu. Halafu bwana mzima anafanya hila mtalaka wake asiolewe na mwengine. Huku kwetu hiyo si vichekesho, hiyo kesi ya kadhi.

KijanaWaMakunduchi:
Sheikh, ungevumilia dakika ya kumi na moja 😂

Binti, vijembe bibi havijui, ni vya Kiingereza. Naona yeye alichokishika ni aibu. Grant pale ni mtaalamu wa mifupa ya madubwana ya kale, mtu na heshima zake, na bado anajikuta mlangoni kavaa gauni la kike la manyoya. Hapo bibi kajifunika uso kwa mtandio, lakini jicho moja kaliacha nje.

Jana nimemwekea hiyo ya blanketi. Lilipotundikwa tu akasema, "Haya, hapo pana sitara." Akalilinda mpaka mwisho, kila Clark Gable, yule mwandishi, akilisogelea anamwambia "we!" Mwishoni kikapulizwa kitarumbeta, blanketi likaanguka chini.

"Wameshaoana?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi zima, tukalale."