Deraya ya kosplei: povu gani, na je, vazi la kununua linahesabika?

mshabiki_wa_anime: Wakuu, salaam. Natengeneza deraya ya kifua kwa ajili ya kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa katuni au filamu. Nitumie povu la EVA (povu laini la plastiki) la unene gani, na kwa nini rangi hupasuka povu likipinda? Halafu, kuna wanaosema vazi la kununua si kosplei. Ni kweli?

fundi_povu: Karibu mkuu. Kifuani milimita 10, mabegani 5, nakshi za juu 2. Mikeka ya povu ya kuchezea watoto inafaa, upande wenye michoro ukae ndani.

Kiolezo: vaa fulana kuukuu, jizungushie nailoni, bandika selotepu juu yake, chora maungio, kisha mwenzako aikate taratibu. Chukua nusu ya kiwiliwili tu. Nusu nyingine unageuza kiolezo, la sivyo pande hazitalingana. Badilisha wembe mara kwa mara, maana ukiwa butu unachana povu.

Gundi ni ile ya fundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo ukutanishe. Maungio mengi huachia kwa sababu ya haraka hapo. Fanyia kazi nje, mvuke wake ni mbaya.

Rangi hupasuka kwa sababu povu linanyumbuka na rangi hainyumbuki. Pasha povu kwa mashine ya hewa moto hadi uso ung'ae kidogo, likunje likiwa bado moto, lishike mpaka lipoe. Baada ya hapo, kabla ya rangi, paka tabaka nyembamba 3 au 4 za gundi nyeupe ya mbao, kila moja ikauke. Ukipaka kabla ya kukunja, utapasua kila kitu. Sehemu zinazopinda mwilini, kama ubavuni, gundi ya mbao haitoshi: tumia Plasti Dip, mpako wa mpira unaonyumbuka.

sindano_na_uzi: Hilo la kununua, hapana, si kweli. Kwenye Worldcon ya kwanza (mkutano wa mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi), New York 1939, shabiki Forrest Ackerman alivaa vazi lililoshonwa na shabiki mwenzake, Myrtle Douglas. Tangu mwanzo mshonaji na mvaaji waliweza kuwa watu wawili. Mashindano yanayopima ufundi ni jambo jingine, huko kazi ya mkono wako ndiyo inayopewa alama.

Kwa wengi wetu kosplei ni kumheshimu mhusika, na heshima huonekana kwenye vitu vidogo. Vazi la dukani libane kiunoni, rekebisha pindo. Wigi lipunguze kwa mkasi ulioshikwa wima, nywele chache chache. Ukikata kwa mlalo litaonekana kofia. Jifunze pia anavyosimama na anavyoshika silaha yake.

mshabiki_wa_anime: Shukrani sana. Na mikanda?

fundi_povu: Utepe wa milimita 25 na bizimu za plastiki, ubavu mmoja ufunguke. Usibandike utepe kwenye povu kwa gundi peke yake, utang'oka na tabaka la juu. Upitishe kwenye mpasuo, kisha funika kwa kipande cha milimita 2 kwa ndani. Kabla ya kupaka rangi, vaa ukae kwenye kiti: bamba la kifua likigonga kidevu, punguza ukingo wake wa chini.