Maziwa yananisumbua ukubwani: kimeng'enya kimepungua?

Muulizaji: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 41 na nimekunywa maziwa tangu utotoni. Mwaka huu kikombe kimoja tu, baada ya saa moja tumbo linajaa gesi, linanguruma, kisha naharisha. Ninunue vidonge vya vimeng'enya?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Mimi ni muuguzi, na hali hii naijua mwilini mwangu. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na laktasi, kimeng'enya cha utumbo mwembamba. Kwa watu wengi duniani laktasi hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyovunjwa hufika utumbo mpana, bakteria huichachusha, na hapo ndipo gesi inapotoka. Mimi hunywa nusu kikombe pamoja na chakula, au hula mtindi. Bakteria wa mtindi husaidia kuivunja laktosi. Vidonge vya laktasi vipo, ila humezwa unapoanza kunywa maziwa, si tumbo likishavimba!

Jibu: Nakubaliana na muuguzi. Lakini ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, tafadhali usikisie, nenda kapimwe.

Muulizaji: Asanteni mno. Sijakonda, damu hakuna. Kesho naanza na mtindi.