Nimepangiwa fildi kituo cha mkono kwa mkono (watoto waliofanyiwa ukatili), naanza Jumatatu, nijiandaeje?

Mwaka_wa_Pili:
Habarini za humu wakuu. Nasoma ustawi wa jamii, mwaka wa pili, chuo kipo Dar. Majina ya fildi (mafunzo kwa vitendo) yametoka, wenzangu wengi wameangukia halmashauri na mashirika yenye AC, mimi nimepelekwa kituo cha mkono kwa mkono kilichopo ndani ya hospitali moja ya mkoa, kile ambacho mtoto akifanyiwa ukatili analetwa hapo anaonwa na daktari, polisi wa dawati la jinsia na watoto, mtu wa ustawi na mshauri bila kuzungushwa mji mzima. Wiki nane.

Sasa kwa kweli nina woga. Mama yangu kaniambia nikaombe kubadilishiwa, anasema nitakuja kuota usiku. Mimi mwenyewe taarifa ya habari ikitaja mtoto kafanyiwa kitu huwa nabadilisha chaneli. Nikilia mbele ya mtoto itakuwaje? Naruhusiwa kuongea nao au nakaa tu napanga mafaili? Na kwenye logbuku naandika nini maana mwalimu anataka ujaze kila siku na haya mambo ni ya siri? Hela ya fildi nayo haijaingia lakini hilo tuliache, nimeshazoea.

Kibajaji:
Beba tishu boksi mbili, moja ya watoto moja yako. Utani pembeni, hongera dada, huko ndo kwenye kazi yenyewe, wenzako wa AC wataishia kutumwa chapati.

SimamaNami:
Usibadilishe. Mimi nilifanya kwenye kituo cha namna hiyo miaka minne iliyopita, mkoa sitaji, ngoja nikusimulie kosa langu la siku ya tatu ili wewe usilirudie.

Supavaiza alitoka kwenda kutoa kopi, akaniachia binti wa miaka saba kwenye chumba cha michezo. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo, kimetandikwa mkeka wa plastiki, kuna mdoli hana mkono na penseli za rangi ambazo nyekundu imeisha. Mtoto kavaa ndala mguu wa kulia kushoto, wa kushoto kulia, haongei. Mimi na huruma zangu na vitini vyangu vya chuo nikamuinamia nikamuuliza "eti ni mjomba ndo alikufanyia?" Akanitazama akatikisa kichwa ndiyo. Weee, nikajiona mpelelezi. Supavaiza kurudi nikamweleza kwa furaha kabisa, yule mama akakaa kwenye kiti, hata hakunigombeza, akaniuliza tu "mjomba umemtoa wapi?" Nikaanza kukumbuka, mjomba nilimsikia kwenye benchi nje, jirani aliyemsindikiza mama mtu alikuwa anabahatisha bahatisha. Mtoto hakuwa amemtaja mtu yeyote. Mimi ndo nilimlisha jina.

Na hapo ndo pa kuelewa, watoto wetu tumewalea hivyo, mkubwa akisema jambo unaitikia. Sasa mkubwa mwenyewe kavaa kitambulisho shingoni, yupo hospitali, anauliza swali ambalo jibu limo ndani yake, mtoto atakataa vipi? Ikabidi iandikwe kwenye faili kwamba mwanafunzi alimuuliza mtoto swali la kuongoza. Wakili wa upande wa pili akiliona hilo kwake ni sikukuu. Ile kesi iliishaje sikuja kujua, fildi yangu iliisha kabla, ila mpaka leo nikiona ndala zimevaliwa kinyume namkumbuka.

Kwa hiyo swali lako la kuongea nao: ongea, ila usihoji. Kaa chini kwenye mkeka, usikae kwenye kiti ukamtazama kutoka juu. Chora na yeye. Muulize shuleni anapenda mchezo gani, muulize kama ana njaa. Akianza kusema mwenyewe usimkatize na usikunje uso, mwambie tu nakusikia. Halafu ukitoka pale andika maneno yake kama yalivyotoka mdomoni. Akisema "alinifanyia tabia mbaya" wewe andika tabia mbaya, usimtafsirie ukaandika ubakaji, jina la kosa litapatikana kwa wenye kazi yao. Na usimuahidi kitu. Watoto watakuuliza "utamwambia mama?" au "yule atarudi nyumbani?" na ulimi utakuwasha useme usijali hatarudi, wakati anaweza kupewa dhamana wakapishana naye kesho kutwa kwenye bomba la maji.

Logbuku: hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna shule. Andika "mtoto wa kike, miaka 9, nimesaidia mapokezi" na ulichojifunza basi. Mwalimu akitaka zaidi mwambie aje kituoni aongee na supavaiza wako. Na simu acha kwenye droo. Kuna mwenzangu alipiga selfi na ule ukuta uliochorwa katuni, nyuma miguu ya mtoto inaonekana, akaweka status. Alirudishwa chuo siku hiyo hiyo.

Nesi_wa_Zamu:
Aliyetangulia kaongea vizuri. Mimi naongezea upande wa tiba maana wanafunzi wengi wa ustawi wanakuja hawajui kwamba kuna saa inatembea. Dawa za kumkinga mtoto na VVU, ile PEP, inatakiwa aanze ndani ya masaa 72 tangu tukio, na mapema ni bora kuliko baadaye, halafu anameza siku 28. Hiyo ndo sababu utaona tunamvusha foleni. Kwa hiyo ukiwa mapokezi akaja mama kamshika mtoto mkono na hasemi shida yake mbele za watu, usimwambie "kaa utaitwa". Mama wa namna hiyo utamjua, kanga kaikunja ncha anaizungusha kidoleni, ukimuuliza anasema mtoto ana homa. Mpeleke ndani kwanza.

Jambo la pili, akina mama wanafika wamemuogesha mtoto na nguo wamefua na kuanika. Usiwagombeze jamani. Mama kaona mwanae mchafu kamsafisha, angefanya nini. Kama nguo hazijafuliwa zinawekwa kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki, sio rambo, maana kwenye plastiki zinatota na kuoza na ushahidi unakwenda na maji. PF3 nayo, ile fomu ya polisi ya matibabu, watu wanaiogopa kuliko ugonjwa, mtoto akija bila PF3 anatibiwa, fomu itamkuta hapo hapo, ndo maana polisi wakawekwa ndani ya kituo.

Na ukitaka kuwa na faida kweli kweli, wewe hesabu nauli. Mtoto katakiwa kurudi kupimwa tena, mama anatoka mbali anapanda daladala mbili na ana mwingine mgongoni. Asiporudi wote tunasema familia haitoi ushirikiano, kumbe ni elfu mbili tu. Wakumbushe ofisini.

Mzee_wa_Fitna:
Sawa lakini tuseme ukweli, kesi nyingi za huko ni za kusingiziana. Ndoa ikivunjika mama anamfundisha mtoto aseme baba kafanya. Mwanafunzi awe makini asije akawa chombo cha kufunga watu wasio na hatia.

Afande_Mama_J:
Mzee wa Fitna umekuja na jina lako. Mimi nipo dawatini, kusingiziwa kupo, sikatai, nimekutana nako. Lakini kwa kila aliyesingiziwa nikuhesabie waliokuja wakafungua jalada, mtoto kapimwa, daktari kajaza, siku ya mahakamani familia haionekani. Ukipiga simu unaambiwa "afande tumeyamaliza nyumbani, wamekaa wazee". Wamekaa wazee! Mtoto alikuwepo kwenye hicho kikao? Wamelipana mbuzi na laki mbili na yule mtu bado anaishi uani hapo hapo.

Halafu hiyo ya kusingizia ndo sababu nyingine ya mwanafunzi kutouliza maswali. Mtoto akiachwa aseme kwa maneno yake mwenyewe, yule aliyefundishwa anajulikana na yule asiyefundishwa anajulikana. Mkimvuruga kwa maswali ya kumlisha mnawavuruga wote wawili, mnamsaidia mkosaji na mnamuumiza aliyesingiziwa. Sheria ya Ushahidi ilibadilishwa 2016, mtoto wa miaka 14 kushuka anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli na sio uongo, na hakimu akimuamini anaweza kutia hatiani kwa maneno ya huyo mtoto peke yake. Umeona uzito wake? Maneno ya mtoto ndo mhimili wa nyumba, wewe mgeni usianze kuchokonoa mhimili.

Na kama unadhani ni vitu vya nadra, ule utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 ukatolewa 2011, UNICEF, CDC na Muhimbili walikuwemo, ulikuta karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana pia, naomba mwanafunzi uliandike hilo kwa wino mzito. Wa kiume wanaletwa wamechelewa sana, baba anaona aibu kuliko mtoto.

Mzee_wa_Fitna:
Haya afande nimekusikia. Ya mbuzi hata kwetu ipo, sitabisha.

Mtu_wa_Nakuru:
Sasa nyinyi, hapa Kenya sisi tunaita atachimenti lakini shida ni ile ile, na hata namba ya kusaidia watoto ni moja huku na huko, 116, unapiga bure. Mimi nilikuwa nafikiri nitakuwa kaunsela kutoka siku ya kwanza, nilikuja nikapewa kazi ya kupika uji. Nilikasirika wiki mzima. Halafu nikanotisi watoto wanaongea wakishika kikombe, ukikosa kuwaangalia machoni. Hakuna mtu alinifunza hiyo darasani. Kwa hivyo ukipewa uji pika.

Mbongo_Ughaibuni:
Hii ya kila kitu chini ya paa moja huku Marekani ilianzia mji wa Huntsville, Alabama, 1985, kuna mwendesha mashtaka anaitwa Bud Cramer aliona watoto wanarudia habari ile ile kwa polisi, kwa daktari, kwa ustawi, kwa wakili, mpaka wanachoka wanakaa kimya. Sasa hivi mtoto anaongea na mtu mmoja aliyesomea, chumba kina kamera, wengine wote wapo chumba cha pili wanaangalia. Na hapa ninapofanya kazi wanafunzi hawaingii kabisa kwenye kile chumba, wanakaa na familia. Kwa hiyo usijione umedharauliwa ukiwekwa benchi na akina mama, huko nje ndo kuna mtu ambaye hajaulizwa na yeyote kama kala.

SimamaNami:
Nilisahau la kulia. Utalia. Toka nje, nenda chooni, lia, nawa, rudi. Usilie mbele yake kwa sababu mtoto ataanza kukubembeleza wewe, nimeona kwa macho yangu mtoto wa miaka sita anamfuta machozi dada wa fildi. Na usiku ukianza kuota mwambie supavaiza, usikae nayo moyoni ukajifanya komando. Usiende kumsimulia rumeti, hiyo ni siri ya mtoto sio yako. Mama yako naye mwambie tu kazi ni ngumu, inatosha.

Mwaka_wa_Pili:
Wakuu nimerudi, leo nimemaliza wiki ya pili. Samahani kwa kimya, nikifika hosteli nalala na viatu.

Siku ya kwanza nilipanga mafaili. Ya pili nikapanga mafaili. Ya tatu nikaambiwa nichemshe uji, nikacheka peke yangu nikamkumbuka mtu wa Nakuru. Nimelia mara moja, chooni kama nilivyoelekezwa, tena sikulizwa na nilichosikia, ni baba mmoja alikuwa ameshika begi la shule la mwanae la pinki kwenye mapaja, kalikumbatia masaa mawili hataki hata kuliweka chini.

Kuna mvulana, sisemi umri wala kilichomleta. Siku tatu alizokuja hakuongea na mtu, yupo kwenye mkeka anachezea kitu mfukoni, kinalia tik tik. Sikumuuliza. Nikawa nachora visivyoeleweka pembeni yake, mimi kuchora sijui, mbuzi wangu anafanana na meza. Jana akatoa gololi mbili akaniwekea moja mbele yangu. Tukacheza. Akanifunga zote halafu akaniambia "wewe hujui kulenga", na hayo ndo maneno ya kwanza kuyasikia kutoka kwake. Nikamwambia kweli sijui, nifundishe. Supavaiza alikuwa mlangoni, akarudi nyuma kimya kimya akafunga mlango nusu.

Keshokutwa anarudi kliniki. Nimenunua gololi tano pale getini nikataka kumpa, supavaiza kasema hapana, zibaki kwenye chumba, ziwe za chumba, asije mtu akasema mahakamani kwamba mtoto alihongwa na kituo ili aseme. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Nimeziweka kwenye kopo la maziwa pale kwenye rafu ya chini anapoweza kufikia mwenyewe.