Mzee ana kansa ya tezi dume, mtandaoni kila mtu ana dawa. Mnajuaje ipi ya kweli?

Kitinda mimba:
Wakuu habarini. Mzee wangu ana miaka 71, alikuwa anaamka usiku mara tano sita kukojoa tukasema ni uzee tu, baadae mgongo ukaanza tukampeleka hospitali, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikasoma 86, iko juu sana, wakachukua kinyama cha tezi kupima majibu yakaja ni kansa, Gleason 8, yaani ile kali. Daktari anataka aanze sindano za homoni. Sasa grupu la familia halilali, shangazi katuma klipu ya majani ya mstafeli, kuna jamaa anasema alikuwa na tezi dume akapona kwa chupa tatu na vyeti vya PSA anavyo, bro nae kaleta makala ya Kiingereza eti kansa hii inakwenda pole pole haina haja kutibiwa. Nimechoka.

Nesi mstaafu:
Pole mwanangu. Huyo wa chupa tatu muulize, tezi dume ipi? Kila mwanaume anayo, ni kiungo, ila siku hizi tukisema "fulani ana tezi dume" tunachanganya kansa na ule uvimbe wa uzeeni ambao sio kansa kabisa. Na PSA inapanda hata kwa maambukizi, mtu anapewa antibayotiki inashuka, kumbe wiki hiyo hiyo alikuwa anakunywa na mizizi, sifa zote zinaenda kwa mizizi. Mwambie akuonyeshe majibu ya kinyama.

Mzaramo halisi:
Hiyo makala huenda sio ya uongo, ila sio ya mzee wako. Waingereza walifuatilia wanaume 1,643, baada ya miaka 15 waliokufa kwa kansa hiyo ni kama 3 kwa 100, iwe walipasuliwa, walipigwa mionzi au waliangaliwa tu. Lakini hao kansa yao ilikuwa bado ndani ya tezi. PSA 86 na mgongo unauma ni habari nyingine, ulizeni kama mifupa imepimwa, isije ikawa kansa imefika huko.

Chui wa Tanga:
Nyie mnaamini wazungu tu, mizizi imetibu babu zetu

Mzaramo halisi:
Sipingi mizizi mkuu, nataka kujua kwenye chupa kuna nini. Marekani kulikuwa na vidonge vya PC-SPES, mitishamba minane, na PSA za watu zilishuka kweli! 2002 vikaondolewa sokoni baada ya kukutwa na dawa za hospitali ndani, ikiwemo homoni ya kike na warfarin ya kuzuia damu kuganda. Yani mtu anakimbia tiba ya homoni halafu anainywa bila kujua dozi 😂

Kitinda mimba:
Asanteni sana, shikamoo mama nesi. Nimemwandikia jamaa wa chupa tatu anitumie majibu ya kinyama, tiki zimekuwa za bluu muda mrefu, mwisho kanitumia namba ya kulipia.